Mmemsinga Mwari, Mgongo Mmeuacha Wazi

Sikilizeni, watu wa Pangani. Na ninyi wa Bweni mliovuka na kivuko alfajiri, na ninyi wa Mwera na Madanga, na wa Kipumbwi na Mkwaja mnaolala mkisikia bahari, sogeeni. Leo sina salamu ndefu.

Kuoza mnajua. Katika hilo pwani nzima hamna mpinzani. Mwari anawekwa ndani, anasingwa kwa liwa na manjano hadi ngozi inang'aa, anapakwa hina mikononi na miguuni, anafukizwa udi hadi chumba kizima kinanukia. Somo anajifungia naye akimfunza unyumba: namna ya kumpokea mume, namna ya kujisitiri, namna ya kukaa na mawifi bila kugombana. Nje kuna turubai, kuna sare, kuna spika zinazowanyima usingizi hata walio ng'ambo ya mto. Michango imeandikwa daftarini na aliyepunguza anasemwa hadi Mfungo Mosi mwingine. Harusi ikiisha, mnahamia kwenye tumbo la yule binti. Mwezi wa kwanza mnamuuliza kwa macho. Mwezi wa tatu mnamuuliza kwa mdomo. Wa sita mmeshamnong'oneza mumewe kwamba huenda ameoa mgumba.

Sasa nionyesheni. Katika daftari lile la harusi, lenye hela ya ngoma na hela ya picha na hela ya mpambaji, vidonge vya foliki asidi viko ukurasa gani?

Havimo. Wala havijawahi kuwamo. Bibi harusi mnamwandaa. Mtoto mnayemtaka kwa hamu yote hiyo hamumwandai.

Mimba ikitunga, haichukui muda uti wa mgongo unaanza kutengenezwa. Kwanza panakuwa na bapa laini; bapa linajikunja, kingo zinakutana, unakuwa mrija. Huko juu ndiko kwenye ubongo, huko chini ndiko kwenye uti wa mgongo. Kazi ya kuufunga inamalizika siku ya 28 hivi tangu mimba kutunga. Siku hiyo mtoto hajafikia urefu wa punje ya mchele, na mama yake, kama hedhi yake huja kwa mpango wa kawaida, amechelewa wiki mbili tu. Hajashtuka. Anadhani ni jua, ni uchovu, ni homa ya malaria. Mrija usipofunga huko chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Usipofunga huko juu, anazaliwa bila fuvu, na huyo haishi. Wenye mgongo wazi wengi hujaa maji kichwani, na hivyo ndivyo vichwa vikubwa mnavyovinyooshea vidole stendi.

Kinachosaidia mrija ule ufunge sawasawa ni foleti, vitamini ya kundi B iliyomo kwenye majani, kunde na maini, ambayo akiba yake mwilini ni ya miezi michache. Ya kidonge huitwa foliki asidi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mwanamke ameze mikrogramu 400 kila siku tangu anapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12 ya mimba. Tangu anapoanza kutafuta, nasema. Kwetu sisi kutafuta kunaanza usiku wa harusi, tena kwa kuhimizwa. Kwa hiyo kidonge cha kwanza kingemezwa hina ikiwa mbichi.

Msiniambie ni maneno ya wazungu wa miradi. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi saba, likiongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Waliohusishwa ni wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hii na waliotaka kuzaa tena. Waliopewa foliki asidi, hatari ya jambo lile kujirudia ilishuka kwa asilimia 72. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa wazi mno kuendelea kuwanyima wengine. Tangu siku hiyo imepita miaka zaidi ya thelathini. Watoto waliozaliwa mwaka ule nao sasa ni baba na mama, na ninyi bado mnaongea habari ya jini mahaba.

Ndiyo, jini. Mtoto akizaliwa na uvimbe mgongoni, kabla hajafika hospitali ameshapitishwa kwa watu watatu wenye mikoba. Mmoja anasema mama alivuka kaburi. Mmoja anasema alirogwa na mke mwenza. Wa tatu anataka kuku mweusi. Siku zinakwenda, ngozi nyembamba iliyofunika ule uvimbe inapasuka, vidudu vinaingia hadi kwenye ubongo, na mtoto ambaye angefanyiwa upasuaji katika siku zake za kwanza anafika hospitali ya Bombo akiwa na homa na degedege. Kisha mnasema hospitali imemuua.

Nawakaripia ninyi wenye kuficha mimba. Najua mtakavyojibu: tumbo halitangazwi, husda ipo, subiri litokeze lenyewe. Basi mnasubiri. Binti anafunga khanga juu, anatapika nyuma ya nyumba, anadanganya kwamba amekula chaza wabovu. Miezi minne, mitano, ndipo anakwenda kufungua kadi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta ni mjamzito mmoja tu kati ya wanne hivi nchini aliyekwenda kliniki kabla ya mwezi wa nne. Hao watatu waliobaki walifika wakati mgongo wa mtoto umeshafunga au umeshaachwa wazi, nesi akawapa vidonge vyao vya fefo, nao wakarudi nyumbani wakijua wamewahi. Fefo ya mwezi wa tano ina kazi yake, nitaisema. Lakini mrija uliokosa kufunga siku ya 28 haufungwi na kidonge cha mwezi wa tano, wala kwa kombe, wala kwa dua ya kununua.

Husda mnayoiogopa haiwezi kuona kidonge ambacho mwanamke anakimeza kabla hajabeba chochote. Hiyo ndiyo siri mngeitunza vizuri, na hamuitunzi.

Nawakaripia na ninyi mnaokaa nyuma ya dirisha la kliniki, kwa kuwa si haki kumchapa mama peke yake. Anafika akiwa na wiki nane, mapema, kama mlivyomhubiria, mnamuuliza: mume yuko wapi? Mume yuko dago, amekwenda kuvua. Basi rudi naye. Hana mume? Alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Msichana wa miaka kumi na tisa apeleke tumbo lake kwa mwenyekiti, likaandikiwe barua na kupigwa muhuri! Harudi. Atarudi mwezi wa saba, akitembea kwa kuegemea nyuma, nanyi mtamfokea mbele ya benchi zima kwa nini amechelewa. Kupima wenza pamoja ni jambo jema. Kumrudisha aliyekuja peke yake siyo sheria, ni uvivu uliovalishwa koti jeupe. Na siku vidonge vimekwisha, mwambieni kwa upole vimekwisha na vinapatikana wapi, msimwandikie karatasi tu kana kwamba duka la dawa ni la mjomba wake.

Haya, fefo. Kidonge kile chekundu kina madini ya chuma na foliki asidi pamoja. Chuma ni cha damu, na damu kwetu ni habari nzito: utafiti ule ule ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito nchini wana upungufu wake. Ni wanawake wawili tu kati ya kumi waliomeza vidonge hivyo kwa siku 90 au zaidi. Vingine viko wapi? Mimi nitawaambia viko wapi. Viko chini ya godoro. Viko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, karibu na sindano na vifungo. Vimefungwa kwenye pindo la khanga, vimeyeyuka kwa jasho na kuacha doa la kutu ambalo haliondoki kwa sabuni yoyote. Nimeona khanga mbili tofauti zenye doa hilo, katika nyumba mbili zisizojuana, na wenyewe wote wawili waliniapia kwamba wanameza.

Mnaviacha kwa nini? Vinatia kichefuchefu. Kweli, mmeze usiku baada ya chakula, mkalale navyo. Vinatoa choo cheusi. Ni chuma kilichobaki, hakidhuru. Vinamkuza mtoto kupita kiasi hadi mama apasuliwe. Hili ni uongo, na limeenea kutoka Tanga hadi Mtwara. Vidonge havimfanyi mtoto awe jitu. Vinapunguza hatari ya kuzaliwa mdogo mno, na mtoto mdogo mno ndiye mnayemzika. Mama mkwe uliyemwambia mke wa mwanao, tena kwa kumwonea huruma, "mwanangu hivyo viache, mimi nimezaa saba sikumeza hata kimoja": umewahesabu waliotoka, wale watatu walioharibika hukuwataja.

Na chai. Mnameza kidonge cha chuma kwa kikombe cha chai ya rangi, kisha mnashangaa damu haipandi. Chai inakishika chuma kisifyonzwe. Mmeze kwa maji, au kwa chungwa la Muheza, ambalo hapa kwetu halihitaji kutafutwa. Na udongo mnaoutafuna sokoni, ule unaouzwa kwa vipande karibu na pilipili manga, nao unafanya hivyo hivyo, pamoja na kuwapa minyoo. Hamu ya udongo mara nyingi ni damu inayolia. Mnaipa mchanga.

Kuna jambo moja wauza dawa mnalijua na mnalinyamazia. Foliki asidi huuzwa pia kwa miligramu 5, yaani zaidi ya mara kumi ya dozi ya kawaida. Hiyo ina watu wake: mgonjwa wa selimundu, au mama aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, ambaye daktari humwandikia dozi kubwa. Lakini pwani yetu ni ya malaria, na mjamzito hupewa SP kliniki ili kumkinga. SP inafanya kazi kwa kumnyima kijidudu cha malaria hiyo hiyo foleti. Ukimmezesha mama miligramu 5 kila siku, unaidhoofisha kinga yake. Mikrogramu 400 hazina neno. Basi kabla ya kuchukua hela, soma kopo. Muulize mteja. Au hesabu yako ni ya noti tu?

Sasa jikoni, na hapa sitawaonea haya hata wapishi wa shughuli.

Mchicha unanunuliwa saa mbili asubuhi, mafungu mawili, mbichi, una umande. Unawekwa juani kwenye ungo hadi saa sita. Unakatwa kwanza, halafu ndipo unaoshwa, mara tatu, ili mchanga utoke. Na kila sehemu iliyokatwa inatoa utomvu wake majini. Unachemshwa katika maji mengi hadi umelegea. Kisha mpishi anaushika kwa mikono miwili na kuukamua, anaukamua kwa nguvu zote kama anakamua nguo, na yale maji ya kijani anayamwaga mtaroni. Ndipo unakaangwa kwa kitunguu na kutiwa tui, dakika ishirini nyingine. Foleti inayeyuka majini na inaharibika kwa moto. Kuchemsha tu kunaweza kuondoa nusu yake. Kwa hiyo kilichokuwa cha mtoto kimekwenda mtaroni, na kilichobaki sahanini ni rangi na nazi. Osha kabla ya kukata. Tia maji kidogo, funika, epua ungali na uhai. Ni kazi ya dakika tano, tena mkaa unabaki. Kisamvu sikigusi: kile lazima kichemke sana, kina sumu yake. Matembele na majani ya kunde hayana udhuru huo.

Halafu mna dharau. Kunde ni chakula cha maskini. Choroko ni za wakati wa njaa. Mbaazi za nazi ni za asubuhi kwa mandazi, mgeni akija mnazificha mnakimbilia kuku wa kisasa. Bakuli la kunde zilizoiva lina foleti zaidi ya mikrogramu 300. Choroko na dengu haziko mbali nazo, mbaazi zinafuata. Hakuna kuku anayezikaribia. Maini nayo yana foleti tele, ila mjamzito asiyazidishe kwa sababu yana vitamini A nyingi mno. Lakini msije mkatoka hapa mkisema fulani amesema tule kunde tuache vidonge. Foleti ya chakula mwili hauinyonyi yote kama ile ya kidonge, na mkono wa mpishi tumeshauona. Kuleni, na mmeze.

Msidhani nimewaandama ninyi tu. Wako na wenzenu. Tazameni Singasinga, ambao babu zao waliletwa kutoka Punjab tangu miaka ya 1890 kujenga reli ya Uganda, wakabaki Nairobi na Mombasa na kwetu huku, mafundi seremala, mafundi magari, wajenzi. Wale wa Makindu, Kenya, wana gurdwara, nyumba yao ya ibada, iliyojengwa mwaka 1926 kando ya reli, na hadi leo msafiri wa dini yoyote anaketi pale na kupewa dengu, mboga na chapati bila kulipa. Sufuria ile ina foleti ya kutosha kuiaibisha karamu yenu ya pilau. Nao wana harusi zao. Siku chache kabla, mashangazi wanaoimba wanampaka bibi harusi wa Kipunjabi mchanganyiko wa manjano, unga na mafuta, wanamtia hina hadi viwiko. Mngeingia mle mngedhani mko Pangani, lugha tu ndiyo mngeikosa. Na kidonge hakimo vile vile! Mboga yao ya majani ya haradali wanaipika kwa saa nyingi hadi inakuwa rojo; ni tamu, siwanyimi sifa, lakini foleti haivumilii moto wa hivyo. Tena miongoni mwao wako wasiogusa nyama, samaki wala mayai. Hao wanahitaji jicho la pili, kwa kuwa vitamini B12 haimo katika mimea, na maziwa ya kutia rangi kwenye chai hayatoshi. Mwanamke aliyepungukiwa na B12 akimeza foliki asidi peke yake, damu inaweza kuonekana nzuri kwenye kipimo huku mishipa ya fahamu inaharibika chini kwa chini. Dada zangu wa Nairobi na Dar, mpimwe na hiyo. Msiseme sisi ni watu wa dengu hatuhusiki.

Tena wao wangekuwa wa kwanza kujua, maana habari hii ilianzia Bara Hindi. Mwaka 1928 daktari wa Kiingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza kwa nini wajawazito waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo walikuwa wanaishiwa damu na kufa. Aliangalia vidudu, hakuona. Akaangalia sahani. Wale maskini wenye chakula hafifu ndio waliougua zaidi. Mwaka 1931 aliandika kwamba urojo wa hamira, ule wa kupaka mkate, uliwaponya. Hakujua ndani yake mna nini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, wanasayansi wa Texas walichukua tani nne za spinachi wakazichuja hadi wakaipata foliki asidi yenyewe. Tani nne za majani! Na wewe wa Boza una tuta la mchicha nyuma ya choo cha nje, umewaachia bata.

Bado nina neno na wenye mashine za kusaga, na walio juu yao. Nchi hii ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula mwaka 2011, na mwaka 2013 Rais Kikwete akauzindua mpango wenyewe. Unga wa ngano wa viwandani unatiwa chuma na foliki asidi, na unga wa mahindi wa viwanda vikubwa nao. Vizuri. Lakini nani kule kijijini Mkalamo anakula ugali wa kiwanda kikubwa? Anakwenda na debe lake mashineni, anakoboa, anasaga sembe nyeupe kama chokaa, kiini na pumba wanakula ng'ombe. Kifaa kidogo cha kudondoshea virutubishi kwenye mashine za vijijini kipo, kimebuniwa, shirika la Sanku limekuwa likikifunga kwenye mashine za Tanzania kwa miaka. Kuna mwenye mashine aliyeambiwa habari hiyo akauliza kitu kimoja: wateja wataongezeka? Afrika Kusini walilazimisha unga wa mahindi na wa mkate utiwe foliki asidi mwaka 2003, na watoto wenye kasoro hii wakapungua kwa karibu theluthi. Marekani walianza 1998. Waingereza wenyewe, waliolijua jibu mwaka 1991, walijikunakuna hadi 2024 ndipo wakapitisha sheria ya unga wao, kwa hiyo uzembe si wa mtu mweusi peke yake. Lakini uzembe wa London haumponyi mtoto wa Mkalamo. Madiwani, mnaokagua leseni za mashine kila mwaka, mmewahi kuuliza kuhusu virutubishi hata mara moja, au mnauliza stakabadhi tu?

Na ninyi mashekhe na wachungaji, mnaofungisha ndoa. Mnauliza mahari. Mnauliza walii. Wengine mnataka na cheti cha kupima damu, nami nawaunga mkono. Ongezeni swali moja, la foliki asidi. Halitavunja ndoa. Somo naye, mwenye mamlaka kwa mwari kuliko daktari yeyote wa wilaya hii, aliyeketi naye faragha na kumwambia mambo ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka: wewe ndiye uliyetakiwa kukiweka kidonge kile kiganjani mwake. Unajua majina ya mizizi kumi na miwili ya kumfurahisha mume. Jifunze na jina la kumi na tatu.

Nimewaacha wanaume mwisho kwa sababu maneno yenu ni machungu zaidi.

Mtoto akizaliwa salama, ni damu yenu, ana pua ya babu. Akizaliwa na mgongo wazi, ghafla ni wa mama yake: kwao kuna mkosi, kwao kuna kilema, ukoo wetu hauna vitu hivi. Nawajua mlioondoka kabla ya arobaini. Mmoja alisema anakwenda Mererani kutafuta hela ya matibabu. Sasa ana mke mwingine huko na mtoto wa pili. Mwanamke anabaki na kichwa kinachokua kila wiki, anabadilisha nepi za mtoto wa miaka minne asiyehisi kitu kiunoni kwenda chini, na majirani wanavuta watoto wao wasimguse. Chama cha wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi kipo Tanzania, kinaitwa ASBAHT. Nendeni kwenye mkutano mmoja mkahesabu kanzu na suruali mtakazoziona. Mtazihesabu kwa vidole, na vidole vitabaki.

Sikieni basi, kwa kuwa ninyi ndio mnaoshika hela. Kasoro hii haiji kwa uzinzi wa mama wala kwa jicho la jirani. Si kila mara ni foleti. Kisukari cha mama kinachangia, baadhi ya dawa za kifafa zinachangia, na mara nyingine hakuna anayeweza kusema ni nini. Hata aliyemeza kila siku anaweza kupata. Kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumwambia mama yeyote "ulifanya nini". Lakini maji ya kichwani yanatolewa. Yanawekewa mpira kule MOI, Muhimbili. Na Mbale, Uganda, hospitali ya watoto ya CURE iliendeleza njia ya kuyapitisha ndani kwa ndani bila mpira, ikawafunza madaktari wa nchi nyingine. Mtoto aliyewahishwa anaweza kusoma, anaweza kuzungumza, anaweza kukuuliza ulikuwa wapi.

Na yule mwanamke mliyemwacha, akitaka kuzaa tena, yuko sawasawa na wale wa jaribio la 1991. Anahitaji dozi kubwa, ya daktari, tangu kabla ya mimba, na anahitaji wa kumpeleka. Yuko kwao. Njia unaijua, na kivuko kinavuka kila siku. Wahi cha asubuhi, nenda na nauli ya Bombo mkononi, ya watu watatu, umwombe radhi mbele ya mama yake.